Uyoga wa Kichuguu cha Chanika: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Utambuzi

Kisa hiki kilitokea katikati ya masika huko Chanika, upande wa Ilala unaopakana na Kisarawe, ambako viwanja vilivyopimwa bado vinaachiana nafasi na mikorosho, vichaka na vipande vya msitu wa pwani vilivyobaki nje ya mipaka ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi. Bibi mmoja aliyehamia kwa mwanawe kutoka Songea alitoka alfajiri baada ya mvua ya usiku kucha, akarudi na uyoga mweupe wenye kofia pana. Kufikia saa nne asubuhi kapu lilikuwa limejaa, uyoga umeoshwa kwenye beseni, mashina mengi yamekatwa na kutupwa jalalani, na karanga za kuungia zimekwisha kutwangwa. Mkamwana wake, mzaliwa wa Dar es Salaam ambaye uyoga pekee aliowahi kupika ni mamama unaouzwa kwa pakiti, alipiga picha akanitumia kwa WhatsApp, kwa kuwa nafundisha biolojia na mtaani inajulikana kwamba hukusanya kuvu. Swali lake lilikuwa fupi: "Mwalimu, huu unalika?"

Ndani ya nyumba hiyo tayari kulikuwa na majibu mawili. Bibi alisema bila kusita kuwa huo ni uyoga wa kichuguu, ambao ameuchuma tangu utotoni, na kwamba hajaona mtu aliyeumwa kwa kuula. Mwanawe alikuwa ameuelekezea simu yenye programu ya kutambua viumbe, ikamletea jina Macrolepiota procera pamoja na maelezo kuwa unaliwa. Majibu hayo yalitoka njia tofauti kabisa, lakini yalipofika jikoni yalikuwa na maana moja, yaani pika. Mkamwana alikuwa na shaka, ila si rahisi kwa mkamwana kumwambia mama mkwe wake kwamba huenda hakijui chakula alichokula maisha yake yote. Ndiyo maana alitafuta mtu wa nje. Nilimwomba asibandike sufuria, asitupe kitu kingine chochote, ayaokote mashina yaliyokuwa jalalani, na amwambie mama mkwe kuwa mwalimu anakuja kuuona uyoga wake kwa sababu umempendeza, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Jibu la simu ndilo lililokuwa jepesi kuliweka kando. Macrolepiota procera ni spishi iliyoelezwa huko Ulaya katika karne ya 18, na picha nyingi za kuvu zilizopo mtandaoni zimepigwa Ulaya na Amerika Kaskazini. Programu inayolinganisha picha na picha hulazimika kuchagua kati ya ilizozizoea. Zaidi ya hayo, picha iliyotumwa ilionyesha upande wa juu wa kofia pekee, na upande wa juu ndio wenye habari chache kuliko sehemu nyingine zote za uyoga. Kofia nyeupe yenye mabaka ya kahawia katikati inaweza kuwa ya jenasi (makundi ya spishi) nne au tano zisizo na udugu wa karibu. Kinachozitenganisha kiko chini ya kofia, kiko kwenye tako la shina lililofukiwa udongoni, na kiko katika rangi ya spora (vumbi laini ambalo kwalo uyoga huzaliana), ambayo hakuna kamera inayoiona kabla uyoga wenyewe haujaimwaga.

Jibu la bibi lilistahili kupimwa kwa uzito mwingine kabisa, kwa sababu lilitaja mahali. Uyoga wa kichuguu ni wa jenasi Termitomyces, jina lililotolewa na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942, na kuvu hao huishi kwa ushirika na mchwa wanaolima. Mchwa hao hukusanya majani makavu na vijiti, huvitafuna na kuvimeza, kisha kwa kinyesi chao hujenga masega ndani ya kichuguu. Kuvu huota juu ya masega, huvunja sehemu ngumu za mmea ambazo mchwa peke yao hawaziwezi, na mchwa hula kuvu pamoja na sega lililokwisha kulainika. Wataalamu hukadiria kwamba ukulima huu una umri wa takriban miaka milioni 30. Mvua zinapokolea, uyoga husukuma kutoka kwenye sega kupitia udongo mgumu wa kichuguu, na safari hiyo huacha alama mbili mwilini mwake: kofia huwa na ncha ngumu katikati, iliyotumika kutoboa udongo, na shina huendelea chini ya ardhi kwa mkia mrefu unaofanana na mzizi, ambao ukifuatwa kwa uangalifu humfikisha mchimbaji kwenye sega lenyewe. Hakuna spishi ya jenasi hii inayojulikana kuwa na sumu. Kwa hiyo bibi akisema kichuguu, na kikawa kichuguu kweli, anakuwa ametaja kipimo bora kuliko vingi vilivyomo vitabuni.

Niongeze hapa, ingawa si kiini cha kisa, kwamba watu wa mjini huwa na haraka ya kuyaita masimulizi ya wazee kutia chumvi. Bibi huyu alimweleza mkamwana wake kuwa kwao kuna uyoga wenye kofia ya ukubwa wa ungo, na vijana wakacheka. Termitomyces titanicus, ambao kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja, uliandikwa kisayansi mwaka 1980 kutokana na vielelezo vya Zambia, ilhali watu wa ukanda wa miombo walikuwa wakiuchuma na kuula vizazi na vizazi kabla ya hapo. Sayansi ndiyo iliyochelewa.

Pamoja na heshima hiyo, orodha ya watuhumiwa haikuweza kuwa na jina moja. Wa kwanza alikuwa Termitomyces. Wa pili alikuwa Chlorophyllum molybdites, uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia, unaoota kwenye majani mafupi, bustanini na malishoni katika nchi nyingi za joto, na ambao ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya watu kudhurika kwa uyoga katika ukanda wa tropiki. Wa tatu alikuwa jenasi Amanita, ambayo ina spishi zinazoliwa na kuuzwa, kama Amanita zambiana ya miombo, na ina spishi zinazoua. Wa nne walikuwa ndugu wa Macrolepiota na Leucoagaricus wa Afrika, ambao wapo na baadhi yao huliwa. Niliiweka Amanita mbele ya wote, ingawa uwezekano wake ulikuwa mdogo, kwa sababu utambuzi wa chakula haupangwi kwa uwezekano tu, bali pia kwa gharama ya kukosea. Sumu za amatoksini zilizomo katika baadhi ya Amanita haziharibiwi kwa kuchemsha, wala kwa kukausha. Mlaji hukaa saa 6 hadi 12, wakati mwingine hata 24, bila dalili yoyote. Kisha hutapika na kuharisha. Kisha huonekana amepata nafuu. Na katika nafuu hiyo ya uongo ini linaendelea kuharibika.

Nilipofika, bibi alikuwa amekaa barazani na kapu miguuni pake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuula au kuukagua?"

"Nimekuja kuukagua ili tuule, mama."

Alicheka, akanikabidhi kapu. Kofia zilikuwa za ukubwa mbalimbali, nyingine zimefunguka kabisa na nyingine bado zimejikunja. Maji ya beseni yalikuwa yamebandua sehemu ya magamba, kwa hiyo mabaka ya kahawia yalionekana kwenye kofia moja na kukosekana kwenye ya pili bila hilo kumaanisha chochote. Matamvua, yaani zile karatasi nyembamba zilizopangana chini ya kofia, yalikuwa meupe kwa zote, na hayakuwa yameshikana na shina. Sifa hiyo inazihusu jenasi zote nilizozitaja, hivyo haikusaidia. Kwenye vipande vya mashina vilivyookotwa jalalani niliona jambo moja la kuandika pembeni: baadhi vilikuwa na pete nene ambayo ukiisukuma kwa kidole inateleza juu na chini, na vingine havikuwa na pete inayosogea. Jambo hilo peke yake lisingetosha kutoa hukumu, kwa maana wapo Termitomyces wenye mabaki ya utando unaofunika uyoga mchanga yaliyobaki shinani, akiwemo Termitomyces letestui mwenye pete nzito, na wapo wenye magamba ya kahawia kwenye kofia, akiwemo Termitomyces schimperi. Mtu anayejifunza kwamba uyoga wa kichuguu daima hauna pete na daima una kofia laini amejifunza nusu ya jambo, na nusu hiyo humfanya aukatae mzuri au, vibaya zaidi, aukubali mbaya usio na pete kwa sababu pete yake imekwisha kudondoka.

Kabla ya kwenda porini niliandaa chapa za spora. Nilichagua kofia kutoka sehemu mbalimbali za kapu, nikazilaza matamvua yakitazama chini juu ya vipande vya kioo, kila moja na namba yake, nikadondosha tone la maji juu ya kila kofia na kuifunika kwa bakuli. Wengi hutumia karatasi nyeupe, lakini spora nyeupe juu ya karatasi nyeupe hazionekani. Kioo kinaweza kuwekwa juu ya karatasi nyeupe kisha juu ya nyeusi, na vumbi likakusanywa kwa wembe ili rangi yake ionekane kwa wingi. Katika joto la Dar es Salaam kazi hii haingoji. Uyoga uliochumwa alfajiri huanza kulegea mchana, na mabuu ya nzi waliotaga humo hutoka na kuichafua chapa kwa njia zao. Ukihifadhiwa kwenye mfuko usiopitisha hewa, hutoa jasho na kuoza. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea iliyoanza Juni 1, 2019, kwa upande huu imewafaa wachumaji, ingawa haikuwekwa kwa ajili yao. Kikapu na gazeti vinatosha.

Bibi alitutangulia hadi mahali pake. Kilikuwa kichuguu kikubwa, kizee, chini ya mkongo, na pembeni mwake zilibaki kofia chache alizoziacha kwa kuwa zilikuwa changa. Uwepo wa mkongo, Afzelia quanzensis, ulinifanya nichimbe kwa uangalifu zaidi, kwa sababu mti huo ni mmoja wa miti inayoungana na kuvu mizizini, na Amanita ni kati ya kuvu wanaoishi kwa muungano wa namna hiyo. Msitu wa miombo wa Ruvuma umejaa miti yenye tabia hiyo. Hapa pwani ipo kwa mafungu. Uyoga unaoota chini ya mkongo unaweza kuwa wa mti au unaweza kuwa wa mchwa, na ukiutazama kwa juu hutajua ni wa nani.

Uchimbaji ulitoa jibu. Amanita huanza maisha yake ndani ya ganda laini lenye umbo la yai, na linapopasuka, spishi nyingi, zikiwemo zile za kuogofya zaidi, hubaki na kikombe au mfuko kwenye tako la shina, mara nyingi ukiwa umefukiwa chini ya majani na udongo. Anayekata uyoga kwa kisu usawa wa ardhi hukiacha kikombe hicho chini, na pamoja nacho huacha onyo kuu linaloonekana kwa macho. Tulichokipata chini ya kofia za kichuguuni hakikuwa kikombe. Shina lilipungua unene taratibu, likageuka kuwa mkia mweupe mgumu, ukaingia kwenye mwili wa kichuguu mbali kuliko urefu wa panga tulilokuwa nalo. Kofia changa zilikuwa na ncha ngumu iliyopakwa udongo. Mchwa walitoka kwenye ufa tulioufungua. Jioni hiyo, kwa ushahidi wote uliokuwepo, bibi alikuwa sahihi kwa kila neno, na familia iliona hakuna sababu ya kungoja asubuhi. Nilisisitiza tungoje, kwa hoja kwamba tulichokichimba kilikuwa kichuguuni na kilichotaka kupikwa kilikuwa kapuni. Hoja hiyo ilionekana ya ubishi. Karanga zililiwa pamoja na mchicha.

Asubuhi vioo vilikuwa na rangi mbili. Baadhi ya kofia zilikuwa zimemwaga vumbi la rangi ya malai lenye wekundu hafifu wa waridi, ambalo ndilo la Termitomyces. Nyingine, za upana uleule, weupe uleule, kutoka kapu lilelile, zilikuwa zimemwaga vumbi la kijani kilichofifia, chenye ujivu ndani yake. Kofia moja iliyojikunja haikumwaga chochote. Spora za kijani ni jambo la nadra sana kwa uyoga wenye matamvua, na kwa uyoga mkubwa mweupe wenye magamba na pete inayoteleza zinamwelekeza mtambuzi kwenye jina moja tu: Chlorophyllum molybdites. Matamvua yake hukaa meupe kwa muda mrefu na huanza kugeuka kijani pale tu spora zinapokomaa kwa wingi, ndiyo maana siku iliyotangulia hakuna aliyeona rangi hiyo. Weupe wa matamvua ya uyoga mchanga si ushahidi wa upande wowote.

Darubini ya shule ilithibitisha mgawanyo huo. Spora za kundi la kijani zilikuwa kubwa, zenye ukuta mnene na tundu dogo lililokatwa bapa kwenye ncha moja, urefu wake ukiwa kati ya maikroni (sehemu za elfu za milimita) 8 na 13 ambao ndio unaotarajiwa kwa spishi hii. Za kundi la pili zilikuwa ndogo, laini, zenye ukuta mwembamba usio na tundu. Hakuna uyoga mmoja unaotoa spora za aina zote mbili. Kapu lilikuwa na vitu viwili, na swali likahama kutoka "huu ni uyoga gani" kwenda "huu wa pili uliingiaje".

Bibi alikitazama kioo cha kijani kwa muda, akakigeuza mwangani. "Huu sikuuchuma mimi," alisema. Hakusema kwa kujitetea. Alisema kwa namna ya mtu anayehesabu vitu vyake na kukuta kimoja si chake. Akawaita wajukuu. Mkubwa wao, mwenye umri wa kuingia darasa la nne, alieleza kwamba walimwona bibi akirudi, wakakumbuka uyoga mwingi kwenye majani nyuma ya nyumba ya jirani afugaye ng'ombe, wakaenda kuuchuma na kuutia kapuni.

"Tulikuongezea, bibi," alisema.

Tulikwenda huko. Palikuwa malisho mafupi yaliyoliwa na ng'ombe, hayana kichuguu, hayana mti, na uyoga ulikuwa umepangana kwa duara lisilokamilika. Tulipochimba, shina liliishia kwenye tako lililovimba kidogo, bila mkia na bila kikombe. Pete iliteleza. Shina lililokatwa lilibadilika polepole likawa na wekundu wa kahawia. Chlorophyllum molybdites hauhitaji mti wala mchwa. Hula mabaki ya mimea yaliyooza udongoni, kwa hiyo uwanja wa mpira, bustani ya ofisi na zizi lililohamishwa vyote vinaufaa. "Kwetu hatuchumi uyoga wa majanini," bibi akasema, na kwa kauli hiyo akawa ametamka kanuni ambayo ingeizuia hatari nzima, lakini hakuwahi kuitamka mbele ya wajukuu kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwuliza. Huko Songea wangekuwa wamekwenda naye tangu wanatambaa. Hapa walikuwa shuleni wakati wa kuchuma.

Naona hapa ndipo kisa hiki kinapotofautiana na namna visa vya uyoga vinavyosimuliwa kwa kawaida, ambapo mzee huonekana amekosea na mtaalamu humsahihisha. Bibi hakukosea. Alitambua uyoga wake kwa vigezo sahihi, akiwa mahali pake, na utambuzi huo ulikuwa wa kila uyoga aliouchimbua kwa mkono wake. Kosa liliingia pale jina la uyoga lilipohamishiwa kapu, kwamba kila kilichomo humo sasa ni "uyoga wa bibi". Kuosha na kukata kulimalizia kazi hiyo: magamba yakabanduka, mikia ikatupwa, udongo wa kichuguu ukaondoka na maji. Beseni lile lilifuta karibu kila tofauti ambayo jicho lingeweza kuiona, na zikabaki spora, ambazo hakuna mpishi anayezingoja.

Hukumu ilikuwa kuufukia uyoga wote. Bibi alipinga, na hoja yake ilikuwa na nguvu: kama vioo vimetenganisha, basi tutenganishe. Nilimweleza kuwa vioo vilitenganisha kofia zilizowekwa juu yake tu, na zilizobaki hazikuwa na mikia ya kuzitambulisha. Kwamba changa zisizomwaga spora zingeweza kuwa za upande wowote. Na kwamba baada ya usiku mzima katika joto lile hata uyoga mzuri haufai. Hoja ya mwisho ndiyo aliyoikubali, nadhani kwa kuwa ndiyo aliyoijua tayari. Mtoto wake aliuliza kama kuchemsha na kumwaga maji ya kwanza kusingesaidia. Kuhusu Chlorophyllum molybdites, sumu yake hushambulia tumbo na matumbo: kutapika na kuharisha, wakati mwingine kwa damu, huanza kwa kawaida ndani ya saa 1 hadi 3, na wapo watu wanaoula bila kudhurika, jambo linaloufanya uwe hatari zaidi kwa sababu huzalisha mashahidi wa uongo. Mtu mzima kwa kawaida hupona. Mtoto mdogo hupoteza maji haraka, na katika nyumba ile miongoni mwa walaji walikuwamo watoto. Siwezi kumshauri mtu aegemee maji ya kwanza. Vivyo hivyo kwa vipimo vinavyosemwa mitaani, kama kuangalia iwapo wadudu wameula au iwapo mbuzi ameugusa: mabuu hustawi ndani ya uyoga unaomwua binadamu, na tumbo la mbuzi si letu.

Iwapo mtu angekuwa amekwisha kula, muda wa dalili ungekuwa sehemu ya utambuzi. Kutapika mapema huelekeza kwenye sumu za tumbo; dalili zinazoanza baada ya saa 6 huzua hofu ya ini, na mgonjwa huyo anapaswa kufikishwa hospitali hata kama anajisikia nafuu, pamoja na mabaki ya uyoga, yaliyopikwa na mabichi. Tahadhari moja ni kwamba mlo wenye uyoga wa aina mbili huvuruga hesabu hii, kwa sababu dalili za mapema za aina moja zinaweza kuficha zile za kuchelewa za nyingine. Kutapika mapema, kwa hiyo, hakumwondolei mtu hofu ya ini pale ambapo kapu lilichanganywa.

Kuhusu majina yaliyoandikwa, la kijani lilifika hadi spishi: Chlorophyllum molybdites, jina linalotumika kwa umbo hilo tangu mwaka 1898, kwa ushahidi wa spora, pete, tako na mahali. La kichuguu niliishia kwenye jenasi, Termitomyces, na sikuona aibu kuishia hapo. Spishi za jenasi hiyo hutenganishwa kwa umbo la ncha, ukubwa wa kofia iliyokomaa, mabaki ya utando na namna mkia unavyoungana na sega, na majina kadhaa ya zamani yamebainika kwa uchunguzi wa DNA kuwa ya kiumbe kimoja. Kwa swali la jikoni, jenasi ilitosha. Kwa swali la kisayansi, kielelezo kilichokaushwa kina thamani kuliko jina la kubahatisha, kwa hiyo uyoga mmoja mzima wa kila aina ulikaushwa kwa joto la chini, ukatiwa katika bahasha ya karatasi pamoja na chapa yake ya spora, na kuandikiwa tarehe, mahali, mti wa karibu, udongo, harufu, rangi ya nyama ilipokatwa na umbo la tako, ili uweze kupelekwa kwenye herbaria (hifadhi ya vielelezo vilivyokaushwa) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vielelezo vya Pugu na Kazimzumbwi kwenyewe sikuchukua, kwa kuwa ndani ya hifadhi ukusanyaji huhitaji kibali.

Mvua iliyofuata, bibi alikwenda kichuguuni na wajukuu wote wawili. Sharti lake lilikuwa kwamba kila uyoga ung'olewe na mkia wake na ufike nyumbani na udongo, na kwamba asiyeona mkia aache. Uliosalia malishoni hatukuung'oa kwa nia ya kuumaliza, kwa sababu kofia ni tunda tu, na mwili wa kuvu ni mtandao wa nyuzi ulioenea udongoni ambao hautikiswi na kuchumwa. Duara la namna ile hupanuka kuelekea nje mwaka hadi mwaka kadiri nyuzi zinavyomaliza chakula cha ndani. Mwenye ng'ombe alielezwa, akaweka kijiti kila upande, na vuli ikija atakayetazama atauona umetokea tena, hatua kidogo nje ya vijiti hivyo.